Aliyetamkishwa shahada chumbani: je, ni Mwislamu?

SWALI, kutoka Ujiji, Kigoma: Assalaam alaikum sheikh. Nilichumbia binti wa Kiha wa Kasulu, Mkristo. Kabla ya ndoa shangazi zangu walimfungia chumbani siku mbili, wakamnyang'anya simu, wakamwambia hatoki mpaka asilimu. Akatamka. Sheikh aliyefungisha ndoa akasimama walii (msimamizi wa bibi harusi), kwa kuwa baba wa binti si Mwislamu. Huu mwezi wa tatu: haswali, Jumapili analia. Shangazi wanasema akirudi kanisani ni murtadi, yaani aliyeritadi dini. Jirani anatucheka: "Si ndivyo dini yenu ilivyoenea, kwa upanga?" Nifanye nini?

JIBU: Wa alaikum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Kijana wangu, swali lako limeninyima usingizi, na si kwa sababu ni gumu.

Mkeo hawezi kuwa murtadi, maana hajapata kuingia. Ibn Qudama, fakihi wa Kihanbali, katika kitabu chake al-Mughni amelisema waziwazi: asiyefaa kulazimishwa, kama dhimmi (asiye Mwislamu anayelindwa na dola ya Kiislamu) au aliyepewa amani, akilazimishwa akasilimu, Uislamu haumthibitikii mpaka ijulikane kauridhia, mathalani abaki nao baada ya shinikizo kumwondokea. Akirejea dini yake haadhibiwi wala halazimishwi tena. Na msiniambie kwamba yale yalikuwa mabembelezo. Mafakihi wameweka masharti ya ikrahi, yaani kulazimishwa: mwenye kutisha awe na uwezo wa kutimiza, mtishwaji asiwe na pa kukimbilia, na madhara yawe mazito, kufungiwa yakiwemo. Mlango ulikuwa na kufuli, simu wanayo wao. Nini kimebaki?

Shangazi zako, naamini, wanategemea Hadithi ya "nimeamrishwa nipigane na watu mpaka washuhudie". Hadithi ni sahihi. Ufahamu ndio mbovu. "Watu" hapa ni washirikina wa Kiarabu waliokuwa vitani na Mtume (s.a.w.), ama sivyo asingepokea jizya (kodi ya wasio Waislamu) kwa Wakristo wa Najran na Majusi wa Hajar akawaacha na dini zao. Tena Imamu Shafi amekumbusha kwamba kupigana si kuua, na mtu anaweza kupigwa vita bila kuwa halali kumuua. Sasa binti wa Kasulu alimpiga nani vita?

Wanaotaka mfano wa mtu aliyefungwa wamtazame Thumama bin Uthal, chifu wa Banu Hanifa. Huyu alikuwa mateka wa kweli, kafungwa kwenye nguzo ya msikiti Madina. Kila siku Mtume alimpitia na kumuuliza, "Una nini, ewe Thumama?" Siku ya tatu akasema: mfungueni. Hakumwambia "tamka kwanza." Thumama akatoka, akaenda kwenye mitende ya karibu, akaoga, akarudi kwa miguu yake akashahadia. Kamba ilitangulia kukatwa, ndipo shahada ikaja. Nyinyi mmeanza na kufuli.

Na aya ya "hapana kulazimisha katika dini" Ibn Abbas, sahaba na binamu wa Mtume, anasema ilishuka kwa Maansari (Waislamu wenyeji wa Madina) waliokuwa na watoto wao wa kuwazaa miongoni mwa Mayahudi wa Banu Nadhir, wakataka kuwazuia wasiondoke nao. Mzazi kakatazwa kwa mwanawe. Shangazi ana nini kwa mtoto wa mwenzie?

Jirani naye asiachwe hivihivi, lakini mjibuni kwa ukweli. Walikuwapo watawala Waislamu waliolazimisha: Muwahhidun, watawala wa Afrika Kaskazini walioiteka Marrakesh mwaka 1147, waliwabana Mayahudi na Wakristo wa Maghrebi. Ila mwanahistoria Ibn al-Qifti anasimulia kwamba Musa bin Maimun, tabibu wa Kiyahudi, aliposhitakiwa Misri kuwa aliwahi kusilimu huko Magharibi, al-Qadi al-Fadil, waziri wa Sultani Salahuddin, alitamka kuwa Uislamu wa aliyelazimishwa hausihi, akaachwa. Na hapa kwetu? Waliokuwa Ujiji mwaka 1858 wasafiri Waingereza Burton na Speke walipofika walifuata pembe za ndovu na watumwa. Sheria inakataza kumtia utumwani Mwislamu huru, kwa hiyo muuza watu hakuwa na haraka ya kusilimisha mali yake. Dini ilishika Ujiji na Tabora hasa baadaye, zama za Wajerumani, kwa waalimu wa vyuo vya Kurani na zikri za Kadiria, tarika ya Kisufi. Sikatai kwamba watumwa wengi wa majumbani walisilimu ili waitwe waungwana. Hilo nalo ni la kulisema kwa huzuni.

Ndoa sasa. Madhehebu yetu ya Shafi yana sharti gumu juu ya kumwoa mwanamke wa Kitabu (Myahudi au Mkristo) asiye wa Bani Israili, kwamba wahenga wake wawe waliingia dini hiyo kabla ya kuja Uislamu, na nadhani ndilo lililowatisha. Wanazuoni wengi hawaliweki, nami nachukua kauli yao. Kasoro kubwa ni walii. Kama shahada haikusihi, yeye bado ni Mkristo, na walii wake ni babake Mkristo, si sheikh wa mtaani. Laleni mbalimbali kwa sasa. Mrudishie simu. Muulize mkiwa wawili, shangazi wasiwepo: unautaka Uislamu, na unanitaka mimi? Kila jibu ni lake. Akikutaka akiwa Mkristo, nenda Kasulu na mjomba mwenye busara, mwombeni baba radhi, aozeshe yeye au aweke wakili, mbele ya mashahidi wawili Waislamu waadilifu. Hakuna eda kati yenu, na mtoto akipatikana ni wako kwa nasaba. Akisema hakutaki, mpeleke kwao mwenyewe, na mahari usiyadai: ni haki yake.