Jibu: Vifaranga wanaokufa usiku

Dada, umeuliza kwa nini vifaranga wako wa wiki moja hapo Ruai wanakufa usiku ilhali chakula na maji havikosekani, na kama watoto wako wanaweza kusaidia kuwatunza. Kwa jinsi ulivyoeleza, ninashuku baridi kuliko ugonjwa, kwa sababu usiku wa Julai hapa Nairobi ni mkali, na kifaranga wa wiki ya kwanza huhitaji joto la nyuzi 32 hadi 35, ambalo hupunguzwa takriban nyuzi 3 kila wiki mpaka aote manyoya. Watazame usiku: wakirundikana chini ya taa ya kuwapa joto wanahisi baridi, wakijitenga nayo huku wakihema midomo wazi wamezidiwa na joto, na wakitawanyika kote wametosheka. Ukitumia jiko la makaa, nakusihi uache nafasi ya hewa kupita, na usiliweke kamwe katika chumba wanacholala watoto, kwani gesi yake ya sumu haina harufu na huua watu usingizini. Watoto wanaweza kubadilisha maji na kugeuza maranda, mradi wanawe mikono kwa sabuni baadaye. Chanjo ya kideri (ugonjwa wa kuku uitwao pia Newcastle) usiiahirishe; afisa wa mifugo atakupangia tarehe kulingana na umri wao.