Uliza Ujibiwe: Mwanangu anarusha mpira balaa, niuze kiwanja aende Marekani?

SWALI: Asalaam aleykum kaka. Mimi ni mama wa watoto watatu naishi Ngamiani hapa Tanga, nauza vitafunwa asubuhi. Kijana wangu wa pili ana miaka 15 yuko fomu two, mwaka jana shuleni kwao alikuja mwalimu wa kujitolea kutoka Japani akawafundisha besiboli, toka hapo mtoto halali anawaza mpira tu, yule mwalimu kabla hajaondoka aliniambia kabisa huyu ana mkono wa pitcha, yaani yule anayemrushia mpira mpigaji mwenye gongo. Sasa kuna mtu tumefahamiana nae kwa simu yuko Dar anasema yeye ni ajenti, anataka milioni mbili za kushughulikia safari ili mtoto aende majaribio Marekani, mimi nina kiwanja Pongwe naweza nikakiuza. Baba yake ni mvuvi, yeye anasema huo mchezo hana imani nao mtoto aje baharini. Kaka niambie ukweli, hii kazi ya pitcha ipo kweli? Inalipa? Na mtu anaifanya miaka mingapi?
– Mama wa Ngamiani

JIBU: Waaleykum salaam dada yangu. Usiuze kiwanja. Nimeanza na hilo maana ndo lina haraka, mengine tutaongea taratibu.

Timu ya Marekani ikimtaka mchezaji, yenyewe ndo inamlipa. Inampa hela ya kusaini na mambo ya viza na tiketi inashughulika nayo yenyewe, haijawahi kuwa kazi ya mzazi kutuma hela kwa mtu wa kwenye simu. Skauti wa kweli, yaani mtafuta vipaji wa timu, anakuja uwanjani na kamashine kake ka kupima spidi, anamwangalia mtoto akirusha, anarudi tena siku nyingine, anauliza cheti cha kuzaliwa. Huyo wako hajawahi hata kumuona mtoto akishika mpira, sasa anampeleka majaribio kwa kigezo gani? Mwambie aje Tanga kwanza amuone uwanjani, usimtumie hata shilingi.

Sasa kwenye swali lako. Kazi ipo na inalipa, ila ngazi zake ni ndefu. Ligi kuu ya kule, MLB, ina timu 30, kila timu inacheza mechi 162 kwa msimu, kwaiyo mapitcha wanahitajika wengi sana. Ila huwezi kushuka kwenye ndege ukaingia ligi kuu. Unaanzia ligi ndogo ambazo nazo zina madaraja yake, unapanda moja moja mpaka daraja la juu kabisa linaloitwa Triple-A, hapo ndo unagonga mlango wa ligi kuu. Kwa makubaliano ya 2023, mchezaji wa daraja la chini kabisa alikuwa analipwa dola 19,800 kwa mwaka, wa Triple-A dola 35,800. Akishapanda ligi kuu ndo mambo yanabadilika, kima cha chini mwaka 2025 kilikuwa dola 760,000, hiyo inakaribia bilioni mbili za kwetu. Na mapitcha wakubwa ndo usiseme, yule Mjapani Yoshinobu Yamamoto alisaini na Los Angeles Dodgers miaka 12 kwa dola milioni 325. Lakini wengi wanaosaini ligi ndogo hawafiki huko juu dada, wanarudi nyumbani wakiwa bado vijana, na aliyeacha shule anarudi hana pa kushika. Ndo maana nasema fomu four aimalize, hilo halina mjadala.

Kuhusu baba yake, nina mtu wa kumsimulia. Anaitwa Mariano Rivera, kwao ni Puerto Caimito, kijiji cha wavuvi huko Panama, na baba yake alikuwa nahodha wa boti ya uvuvi. Utotoni walikuwa wanatengeneza glovu kwa maboksi ya maziwa. Alivyoacha shule akaingia baharini na baba yake kuvua dagaa, na akiwa na miaka 19 chombo kikazama wakalazimika kukiacha. Na hakuwa hata pitcha! Alikuwa anacheza nafasi nyingine, siku moja pitcha wa timu yao kapigwa sana, yeye akajitolea kurusha, watu wakashangaa. New York Yankees wakamsaini 1990, Kiingereza hajui, ligi kuu akaingia 1995 akiwa na miaka 25, akacheza mpaka 2013. Kazi yake ilikuwa kuja mwishoni kuzifunga mechi ambazo timu yake inaongoza na alizifunga 652, ndo rekodi. Mwaka 2019 akawa mchezaji wa kwanza kabisa kuingia kwenye Ukumbi wa Mashujaa wa besiboli kwa kura zote bila hata mmoja kumkataa. Na silaha yake kubwa ilikuwa mrusho wa aina moja tu, unakuja umenyooka alafu hatua za mwisho unakata kidogo pembeni, mpigaji anaujua, anausubiri, na bado unamvunjia gongo. Mwambie mzee bahari na besiboli hazijawahi kugombana, kijana wikiendi aende nae kwa wavuvi pale Deep Sea akasaidie kuvuta nyavu, mabega yatakua tu.

Na sio mbali hivyo kama watu wanavyodhani. Gift Ngoepe wa Afrika Kusini aliingia ligi kuu 2017, wa kwanza kutoka bara letu, na 2019 akaingia pitcha Tayler Scott mzaliwa wa Johannesburg. Hapa jirani Uganda watoto wa Lugazi walienda mashindano ya dunia ya watoto Marekani mwaka 2012, na baadaye pitcha Mganda David Matoma akasajiliwa na Pittsburgh Pirates, timu ya MLB. Waganda wameanza na mashule, makocha wa kujitolea na viwanja vya kawaida tu. Na sisi Dar uwanja wa besiboli upo pale sekondari ya Azania, umejengwa kwa msaada wa Wajapani, na chama cha taifa cha besiboli na softiboli kipo. Hao ndo wa kuwatafuta kupitia mwalimu wake wa michezo.

Umri pia bado uko nae. Mchezaji wa nje anaruhusiwa kusaini kuanzia miaka 16, na Rivera alisaini akiwa na 20. Ila cheti cha kuzaliwa cha RITA kiwe sawasawa, jina lifanane na la shule, tarehe isichezewe hata siku moja, maana kule umri unachunguzwa kwelikweli na mtu akigundulika kadanganya mkataba unakufa.

Kuhusu miaka, hapo ndo pana kitendawili dada. Pitcha Nolan Ryan alicheza misimu 27 ligi kuu. Satchel Paige, pitcha mweusi, kwa sababu ya ubaguzi wa rangi aliruhusiwa kuingia ligi kuu 1948 akiwa na miaka 42, na 1965 akarusha tena mechi moja akiwa na 59! Lakini pitcha mwingine, Sandy Koufax, mwaka 1966 kashinda mechi 27, hakuna pitcha aliyekuwa anamfikia, na msimu ulipoisha akastaafu akiwa na miaka 30 tu kwasababu kiwiko cha kushoto kilikuwa kimeharibika kwa baridi yabisi. Kwa pitcha miaka inahesabiwa kwenye mkono, na hilo linanipeleka kwenye barua inayofuata, naomba umsomee na kijana wako.

SWALI: Kaka mambo, mimi niko Sahare nina miaka 16, tumeanza timu ya besiboli mtaani mpira tunao mmoja. Mimi ndo narusha kila siku jioni mpaka giza, saa zingine nafika mia mbili, sasa ivi kiwiko kwa ndani kinauma na vidole viwili vya mwisho vinakufa ganzi. Washkaji wanasema ni mazoezi tu nikaze. Nikaze?
– Dogo wa Sahare

JIBU: Usikaze mdogo wangu, acha kurusha leo hii hii. Misuli ikiuma kwa mazoezi ni kawaida inaisha kesho kutwa, ila maumivu ya ndani ya kiwiko pamoja na ganzi ya kidole kidogo na cha pete ni jambo lingine, hapo kuna mshipa wa fahamu na kuna kano inayoshikilia mifupa isiachane. Nenda hospitali Bombo ukaonwe, waambie kabisa ni kwa kurusha.

Ile kano ni kama kamba ya nanga, haikatiki kwa wimbi moja, inasagika uzi kwa uzi mpaka siku moja inaachia. Mwaka 1974 iliachia kwa pitcha wa Dodgers anaitwa Tommy John, enzi hizo ikiachia ndo mwisho wa kazi. Daktari Frank Jobe akachukua kano kutoka kwenye mkono mwingine akaipitisha kwenye matundu aliyotoboa kwenye mifupa ya kiwiko, kitu ambacho hakijawahi kufanywa kwa pitcha. Mwaka 1975 wote jamaa hakucheza, 1976 akarudi, akaendelea mpaka 1989, na katika ushindi wake 288 ule wa baada ya upasuaji ni 164. Leo upasuaji wenyewe unaitwa kwa jina lake. Ila usisikie hivyo ukadhani ni rahisi, mtu anakaa nje mwaka mzima na zaidi, na wapo wasiorudi kabisa.

Kwa umri wako miongozo ya Wamarekani inasema mirusho isizidi 95 kwa siku, na ukipita 75 unapumzika siku nne nzima, na kila mwaka uwe na miezi kama minne hurushi kabisa. Wewe unarusha mia mbili leo na kesho tena. Ukishapona na daktari akakuruhusu, gawaneni, kila siku arushe mtu mwingine, maana mpigaji akizoea kupiga mirusho ya mtu mmoja na yeye hakui. Kwanza jifunze kulenga polepole. Kutoka kwa pitcha mpaka kwa mpigaji ni mita 18.44, yaani zaidi kidogo ya kutoka golini mpaka mstari wa boksi, pima hapo mchangani, weka ndoo, vidole viwili juu ya nyuzi za mpira na dole gumba chini, rusha nusu nguvu mpaka uipige ndoo mfululizo. Ile mirusho ya kukunja kiwiko ili mpira upinde iache kwa sasa, ipo tu utaikuta.

SWALI: Mimi shabiki wa Coastal Union toka enzi za ubingwa wa 1988, nimeangalia hii besiboli kwa mjukuu wangu kwenye simu. Hivi kwanini pitcha anacheza siku moja alafu anapumzika siku nne na bado analipwa kuliko wenzake?
– Mzee wa Barabara ya 14

JIBU: Shikamoo mzee. Anayeanza mechi anarusha kama mara 90 mpaka 100, kila mrusho kwa nguvu zote, mpira unamfikia mpigaji kwa sekunde 0.4 hivi, na huo mwendo unakivuta kiwiko vibaya sana. Zile siku nne hakai bure, anakimbia, ananyoosha misuli, anarusha kidogo, anakaa na katcha, yule anayedaka mirusho yake, wanapitia video za wapigaji wa timu inayofuata mmoja mmoja nani anapenda mpira wa juu nani wa chini. Timu nyingi zina waanzaji watano wa kupokezana, kwaiyo kila siku yupo mmoja mkono umepumzika. Na analipwa vizuri kwasababu siku yake ikifika, mchezo wote hauanzi mpaka yeye aachie mpira.