Kamba ya kwanza ya kupandia majabali

Mdogo wangu, umeuliza kama kamba ya boti ya pale Darajani itakufaa ukienda kupanda majabali Hell's Gate, Naivasha, maana ya kupandia bei yake imekushinda. Haifai hata kidogo. Ile haikupimwa kumdaka mtu anayeanguka. Ya kupandia hufumwa makusudi ivutike, imeze mshtuko badala ya kuumalizia kiunoni mwako. Tazama ncha yake: pawe na EN 892, alama ya kipimo cha Ulaya cha kamba za kupandia zinazovutika, na tarakimu 1 ndani ya duara, yaani inatumika moja peke yake.

Chukua unene wa milimita 9.8 hadi 10, urefu mita 60. Nyembamba zaidi ni ghali na huchakaa upesi. Na jabali la mita 30 linaimaliza yote, kwa kuwa inakwenda juu na kurudi, kwa hiyo funga fundo nchani kila mara, isije ikachomoka unaposhushwa.

Pa kubana pesa ni hapa: acha ile iliyotiwa dawa ya kuzuia maji, chukua rangi iliyopitwa na wakati, au changeni wawili. Ya mtumba usiiguse, hata muuzaji akiapa.

Ikishapata chumvi ya bahari, isuuze kwa maji baridi ya mfereji, ianike kivulini, si juu ya bati. Yangu ya kwanza niliiweka kwenye buti la gari ubavuni mwa betri kuukuu. Haikuwa na doa, lakini asidi hula nailoni bila kuonekana, nikaikatakata ikawa ya kufungia mbuzi.