Chupa ya Cornas, Mlima wa Graniti na Joto la Dar

Tangu nitaje mvinyo mwekundu wa Syrah, ule wa kaskazini mwa bonde la mto Rhône huko Ufaransa, maswali hayajakatika. Leo najibu machache. Wasiogusa kileo wanivumilie, wiki ijayo tunarudi kwenye viungo.

Chupa moja imeandikwa Syrah, nyingine Shiraz. Je, ndiyo Shiraz ya Uajemi, kule wanakosema walitoka Washirazi wetu? (Msomaji, Mombasa)

Zabibu ni ile ile. Mfaransa anaiita Syrah, Mwaustralia anaiita Shiraz. Hadithi ya Uajemi ipo hata kwa Wafaransa. Wanasimulia kuwa mpiganaji mmoja, Gaspard de Stérimberg, alirudi kutoka vitani mwaka 1224 akiwa amechoka na dunia, akajenga kanisa dogo juu ya kilima cha mji wa Tain, kwenye bonde hilohilo la Rhône, na kukaa huko peke yake na ibada zake. Ndiyo maana kilima kikaitwa Hermitage, makazi ya mtawa. Waliokuja baadaye wakaongeza chumvi: eti alibeba mche kutoka Shiraz. Lakini vita alivyopigana vilikuwa kusini mwa Ufaransa hukohuko, na Shiraz haiko njiani.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 wataalamu wa Davis, Marekani, na wa Montpellier, Ufaransa, walipima vinasaba vya mzabibu huu. Wazazi wake ni Dureza na Mondeuse Blanche, wote wenyeji wa kusini-mashariki mwa Ufaransa. Kwa hiyo Syrah si Mshirazi. Nasaba ya masultani wa Kilwa tuwaachie wanahistoria, wao hawapimwi kwa jani.

Kwa nini wajitese kulima kwenye mteremko mkali wakati tambarare ipo? (Arusha)

Kwa sababu tambarare inampa mzabibu raha, na mzabibu wenye raha huzaa zabibu nyingi zenye majimaji. Kwenye mteremko wa Cornas, kijiji cha kaskazini mwa Rhône ambacho mvinyo wake wa Syrah hubeba jina lake, udongo ni graniti iliyomomonyoka ikawa kama changarawe. Maji hayakai, rutuba ni haba, na mizizi hulazimika kupenya nyufa za mwamba kutafuta unyevu. Matokeo yake ni punje ndogo, na kwenye punje ndogo ganda ni jingi ukililinganisha na maji. Rangi na ukakasi wa mvinyo mwekundu hutoka kwenye ganda.

Halafu kuna jua. Kule ni mbali kaskazini mwa ikweta, na jua la majira ya kupukutika majani huja limeinama, kwa hiyo mteremko unaolitazama hupata joto ambalo bondeni halifiki. Cornas imejikunja kama bakuli kuelekea mashariki na kusini, imejikinga na upepo mkali wa kaskazini waitao mistral.

Gharama yake ni migongo ya watu. Udongo hushikiliwa na kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji, na mvua kubwa ikishusha ukuta, mtu anaujenga upya kwa mkono. Trekta halipandi. Wengine wanalima kwa farasi, wengine kwa jembe linalovutwa kwa waya na mashine iliyosimamishwa juu. Cornas yote ina hekta 150 hivi. Shamba moja la mkonge Tanga linaweza kuimeza mara kadhaa. Mkiona bei ya chupa, kumbukeni hizo kuta.

Nilipewa zawadi ya Cornas ya mwaka 2015. Niifungue au niitunze? Nakaa Dar. (Kijitonyama)

Dada yangu, jibu liko kwenye neno la mwisho: Dar.

Mwaka 2015 ulikuwa wa joto na neema kule kaskazini mwa Rhône, na Cornas njema ya mwaka kama huo hukaa miaka 20 bila kutetereka. Ikiwa changa huuma ulimi kama chai iliyochemka kupita kiasi. Kadiri miaka inavyokwenda, tanini zinazoleta ukakasi huo hushikana na kutulia, rangi hutoka zambarau kuelekea tofali, na harufu ya matunda meusi hugeuka kuwa ya ngozi, moshi na nyama iliyokaushwa. Uchachu wake ndio unaouweka hai muda wote huo.

Ila hayo hutokea kwenye pishi la nyuzi 12 au 13, gizani, chupa ikiwa imelazwa ubavu ili kizibo kisikauke. Kwenye nyuzi 30 mvinyo hauzeeki, unapikwa. Nayajua haya kwa uchungu: niliwahi kuiweka chupa nzuri juu ya kabati la jikoni miaka mitatu, nikakuta kizibo kimesukumwa juu na ndani mna ladha ya jamu iliyoungua. Kama huna friji ya mvinyo, au ndugu wa kuaminika kwenye baridi ya Limuru, ifungue mwaka huu. Iweke kwenye friji kwanza hadi ipoe, uinywe ikiwa na nyuzi 16 hadi 18. Wazungu wakisema "joto la chumba" wanamaanisha chumba chao.

Chini ya chupa kuna matope. Nimeuziwa bovu? (Kisumu)

Hapana. Ni mashapo, hizo tanini na rangi zilizoshikana. Simamisha chupa siku nzima, kisha mimina polepole kwenye jagi la kioo na uache kidogo chini.

Mume wangu anasikia harufu ya pilipili manga kwenye Syrah, mimi sisikii kitu. Ananitania? (Nairobi)

Hakutanii, na pua yako haina ugonjwa. Kuna kemikali iitwayo rotundoni, ambayo watafiti wa Australia walieleza mwaka 2008 kuwa ndiyo inayoleta harufu hiyo. Imo kwenye Syrah na imo kwenye pilipili manga yenyewe. Mtu mmoja hivi kati ya watano haisikii kabisa.

Na kwa chakula? (Wengi)

Mbuzi wa kuchoma, mafuta yakiwa bado yanalia juu ya makaa. Mafuta na chumvi hulainisha ukakasi. Samaki wa nazi mwacheni na maji ya ndimu, na pilipili kichaa iwe mbali na meza: itafanya Cornas ya thamani yote hiyo iwe na ladha ya spiriti.