Kama hakutambui tena, bado nenda

Pole sana. Umeuliza kama kuna maana kumtembelea mama mwenye dimenshia (ugonjwa wa ubongo unaofifisha kumbukumbu) ambaye hakutambui tena. Janelle Taylor, mwanaanthropolojia wa Marekani ambaye mama yake alikuwa na ugonjwa huu, kila mara aliulizwa: je, bado anakutambua? Mwaka 2008 aliandika makala akaligeuza swali lenyewe: sisi je, bado tunamtambua yeye kuwa mtu? Kwangu hapo ndipo penye uzito. Jina lako linaweza kumpotea, lakini kucheka, kushika mkono na kupokezana maneno, hata yasiyoeleweka, mara nyingi hubaki muda mrefu zaidi. Taylor aliona pia jinsi marafiki wa mama yake walivyopungua mmoja mmoja.

Ukifika usimpime kwa "mimi ni nani?" Jitaje mwenyewe, kaa, mfuate anakoelekea. Akisema anamngoja baba yake aliyefariki zamani, muulize alikuwa mtu wa namna gani, usimtangazie msiba upya. (Wapo wanaoita huko kumdanganya. Sikubaliani nao; kuuliza si uongo.)