Maswali Yenu: Cheti, Chupa na Urukususu

SWALI: Nina shahada ya baiolojia na nataka kusomea naturopathia (tiba inayotegemea mitishamba, lishe na njia nyingine za asili) nikafanye kazi Marekani au Kanada. Vyuo vya huko vinataka miaka minne, ila kuna chuo cha mtandaoni kinachotoa "udaktari" kwa miezi 18. Kuna tofauti gani hasa?

JIBU: Tofauti iko kwenye saa, na kwa nani unazitumia. Programu iliyopata ithibati ya CNME, baraza la huko linalokagua mafunzo ya naturopathia, hufundisha saa zisizopungua 4,100, na kati ya hizo angalau 1,200 ni za kliniki. Humo mwanafunzi anamhoji mgonjwa, anampima, anaandika mpango wa tiba, kisha tabibu mwenye leseni anaupitia. Tumbo lililokakamaa hulijui kwa video. Vidole ndivyo vinavyojifunza.

Halafu kuna mtihani wa leseni, NPLEX. Sehemu ya kwanza ni sayansi ya mwili, ya pili ni ya tiba na hufanywa baada ya kuhitimu. Aliyesoma programu isiyo na ithibati hiyo hapokelewi, na majimbo yanayotoa leseni yanautaka mtihani huo. Wengi hugundua hayo karo ikishaliwa. Kwa hiyo usiulize kama chuo "kimesajiliwa", maana hata duka husajiliwa. Uliza nani kaithibitisha programu yenyewe, kliniki iko wapi, na utahudumia wagonjwa wangapi wewe mwenyewe.

Ila saa nyingi hazigeuzi kila somo kuwa tiba. Homeopathia, yaani tiba ya dawa zilizozimuliwa mno, imo kwenye mitaala hiyo, na majaribio yaliyofanywa kwa umakini hayajaonyesha kwamba inazidi dawa bandia, yaani kidonge kisicho na dawa ndani.

SWALI: Chupa yangu ya dawa ya mitishamba imeandikwa "1:5, alkoholi 45%", kijiko cha chai mara tatu kwa siku. Nimeishiwa, na dukani ipo ya 1:2 tu. Ni ileile?

JIBU: Mmea huenda ni uleule, dozi siyo. 1:5 ni gramu 1 ya mmea kwa mililita 5 za kimiminika, kwa hiyo kijiko cha mililita 5 kinabeba gramu 1, na kwa siku gramu 3. Kwenye 1:2, kijiko hichohicho kinabeba gramu 2.5. Mpigie aliyekuandikia akupe kipimo kipya, na upime kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Vijiko vya jikoni havilingani. Kama ni mjamzito au umeacha pombe, mwambie pia: mililita 15 za siku za ile chupa yako ya 45% zina karibu mililita 7 za alkoholi tupu.

SWALI: Mama anameza haidroklorothiazaidi ya presha. Ameshauriwa anywe chai ya urukususu (mzizi mtamu, kwa Kiingereza licorice) kwa ajili ya kiungulia. Aendelee?

JIBU: Hapana. Glisirizini, kemikali iliyomo kwenye mzizi huo, huzuia kimeng'enya cha figo kinachozima homoni ya kotisoli. Kotisoli isipozimwa, figo hushika chumvi na kumwaga potasiamu: presha inapanda. Kidonge chake nacho kinapoteza potasiamu kwa njia ya mkojo, kwa hiyo hasara ni maradufu. Dalili ni misuli kulegea, kukakamaa miguu, moyo kwenda kombo. Kama amekwisha kuinywa kwa siku kadhaa, apimwe presha na potasiamu. Moyo ukidunda ovyo, apelekwe hospitali saa hiyohiyo. Kuna urukususu ulioondolewa glisirizini, huitwa DGL, lakini hata huo daktari wake aujue kwanza.