Naandika upya programu ya VB6, nishike lugha gani?

SWALI: Habari za kazi kaka. Nina programu ya stoo na mauzo niliyoiandika kwa Visual Basic 6 zamani sana, data zote zipo kwenye faili la Access (hifadhidata ya Microsoft), lile la mdb. Inatumika mpaka leo kwenye kompyuta kama kumi hivi, zote Windows, na kadhaa zina RAM ya giga 4 tu. Sasa watu wanataka ripoti mpya na kuisetapu VB6 kwenye mashine yangu mpya imekuwa vurugu tupu. Rafiki mmoja ananiambia Electron, ile ya kutengeneza programu kwa JavaScript, mwingine Python, mwingine C#. Niko peke yangu, sina timu. Nishike ipi?

JIBU: Hongera kwanza kaka, manake programu ya mtu mmoja kudumu hivyo sio mchezo.

Halafu punguza presha. VB6 ilitoka 1998 na Microsoft wakaacha kuisapoti ile sehemu ya kuandikia kodi (maelekezo ya programu, sio ile ya TRA) mwezi wa nne 2008, lakini programu zilizoandikwa nayo bado zinawaka kwenye Windows 10 na 11. Kwahiyo haifi kesho, una muda wa kufanya kazi hii kwa utulivu.

Mi nakushauri kabla hujachagua lugha kaa siku mbili nyuma ya mtu anayeitumia, usiongee, angalia mikono tu. Mimi niliwahi kuandika upya programu ya namna hiyo na nikajiona nimeipendezesha kwelikweli, kumbe kwenye ile ya zamani ukibonyeza Enter unaruka kisanduku kinachofuata na ukibonyeza F4 bei inakuja, yule dada alikuwa anaingiza invoisi nzima bila kuangalia kioo wala kugusa mausi, mimi nikamletea vitufe vizuri vya kubofya na kazi ya dakika mbili ikawa ya dakika sita. Iliniuma sana, na alikuwa na haki ya kunikasirikia.

Kingine ni hesabu, hapa ndo pana moto. Kwenye VB6 ukiandika Round(2.5) unapata 2, sio 3, manake nusu inapelekwa kwenye namba shufwa iliyo karibu, ndo maana Round(3.5) inakupa 4. Lakini ukipitisha hiyohiyo 2.5 kwenye Format, ile ya kupanga namba inavyoonekana, bila desimali inatoka 3! Kwahiyo ndani ya programu moja una ukadiriaji wa aina mbili na inawezekana hata wewe mwenyewe umeshasahau wapi ulitumia upi. Ukihamia C#, Math.Round nayo inaenda kwenye shufwa, ukihamia JavaScript Math.round inakupa 3. Jumla za mwisho wa mwezi zitapishana senti moja moja na watu wataacha kuiamini programu yako, wala hawatakuelewa ukianza kuwaeleza mambo ya shufwa na witiri.

Haya, lugha sasa. Kwa hali yako mi ningeshika C# na Windows Forms (ile ya kutengenezea madirisha ya programu), tena sisiti. Unavuta kitufe unakiweka kwenye fomu, unakibofya mara mbili unaandika kodi, yaani mkono wako unaijua tayari hiyo kazi. Kuna aina ya namba inaitwa decimal ambayo inafaa kabisa kwa pesa, na mashine ya giga 4 inaibeba bila shida. Angalia kitu kimoja tu, draiva ya zamani ya Jet inayosoma mdb ni ya biti 32 peke yake, ukikompaili kwa biti 64 utapata erori kwamba haijasajiliwa na utapoteza siku nzima unatafuta mchawi, weka x86 tu, yaani biti 32.

Electron sio mbaya ila inabeba Chromium, yaani brauza, nzima tumboni, programu tupu isiyofanya chochote inavuka megabaiti 100, na namba za kawaida za JavaScript ukijumlisha 0.1 na 0.2 unapata 0.30000000000000004. Kwa stoo na mauzo? Hapana. Python na PySide6 (ya kutengenezea madirisha) naipenda, ila kuifungasha iwe exe, faili la kubofya likawaka, kuna usumbufu wake na antivairasi saa nyingine zinaishika bure. Kama ungetokea Delphi, ile ya lugha ya Pascal, ningekwambia Lazarus inayofanana nayo, ni ya bure na inatoa exe moja safi.

Ila usizime ya zamani halafu ukaanza yote upya. Netscape walitoa toleo la 4 la brauza yao mwaka 1997, wakaamua kuandika upya, toleo la 5 halikutoka kabisa na la 6 likaja mwishoni mwa 2000, wenzao walishaondoka na watumiaji. Wewe anza na zile ripoti mpya, ziandike kwa C# zisome faili lilelile la mdb, zisiandike kitu ndani. Zikikubalika hamisha data kwenda PostgreSQL, hifadhidata ya bure inayokaa kwenye seva, VB6 inaweza kuongea nayo kwa ODBC (draiva ya kuunganisha programu na hifadhidata) kwahiyo fomu za zamani zitaendelea huku unazibadilisha moja moja (kodi utaigusa hapa na pale, ile mashine yako ya zamani yenye VB6 au nakala yake ibaki hai). Mdb ina kikomo cha giga 2 na kompyuta kumi zikiifungua kwa pamoja mtandao ukikatika katikati inaharibika, nadhani hilo umeshaliona. SQLite, hifadhidata inayokaa kwenye faili moja, nayo ni nzuri sana lakini usiiweke kwenye folda ya kushea.

SWALI: Vipi kuhusu vile vigeuzi vinavyobadilisha kodi ya VB6 yenyewe?

JIBU: Visual Studio ilikuwa nacho mpaka toleo la 2008, ya 2010 wakakitoa. Vipo vya kampuni nyingine ila vinahamisha mpaka takataka, kila On Error Resume Next (amri ya kuruka kosa na kuendelea) uliyoandika usiku ukiwa umechoka inakuja na inaendelea kuficha makosa. Kitumie kuisomea kodi yako, fomu ya mauzo iandike kwa mkono, halafu ziendeshe programu zote mbili, ya zamani na mpya, sambamba mpaka ufunge mwezi mmoja mzima na jumla zikalingana mpaka senti.